Ukuta wa Jikoni kwa Mama

Ipswich, Jumapili

Mpendwa dada Noelene,

Natumai wewe na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Hobart imewaonea huruma kidogo. Mama anaendelea vizuri kwa kiasi chake. Bega limevunjika, lakini anakula, na jana aliwagombeza wauguzi kwa chai isiyo na rangi.

Najua umemwandikia kaka Clive asikanyage tena kwa mama. Basi sikiliza na ya kwangu.

Ule ukuta kati ya jiko na sebule ilikuwa lazima uondoke. Kiti cha magurudumu cha mama kina upana wa sentimita sitini na sita. Mlango ulikuwa sitini na mbili. Hapo hatukubishana. Tulibishana nilipotaka dari iegemezwe nguzo kwanza. Clive aliugonga ukuta kwa kidole, akasema mbele ya majirani: "Dogo, mbao nyembamba hizi zinabeba nini, kalenda?" Wakacheka wote. Unamjua. Yeye ana digrii, mimi nilijifunza kwa kuchubuka mikono, na kwa miaka thelathini hajaniuliza neno.

Tena kwa nyumba zetu hizi za zamani angekuwa sahihi. Zilijengwa kwa paa la mabati. Kuta za ndani ni za kugawa vyumba tu. Ila baba alishusha mabati akapandisha vigae: kutoka kilo tano hadi hamsini kwa kila mita ya mraba. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zikaanza kupinda. Zikaegemezwa kwa mbao nne za mshazari huko juu ya dari, zote zikikanyaga ukuta ule.

Alhamisi Clive alipong'oa ubao wa saba, dari ilishuka kwa mpigo. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia sebuleni, sahani ya biskuti mapajani.

Noelene, mbao zile nne nilizipigilia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, baba akinishikia taa. Clive alikuwa chuoni, hakuambiwa. Walipocheka, nikaamua kunyamaza. Nilitaka dari ipasuke kidogo, yeye akiwa chini yake na watu wakitazama. Nilipiga hesabu ya kila kitu isipokuwa mama.

Mwondolee Clive maneno yale uliyomwandikia. Boriti ya chuma ya kubeba dari badala ya ukuta imefika, kilo mia na kumi, haipandishwi na mtu mmoja. Clive atakuja Jumamosi kushika upande wa pili, na kila akipiga simu ananiomba radhi. Nitamwambia ukweli kabla hatujainyanyua. Akiondoka na kuniacha nayo sakafuni, atakuwa na haki.

Nibusie watoto. Mama anakusalimu, yeye bado hajui.

Mdogo wako,
Mervyn