Jina Lako ni Rwamba

Mpendwa dada Rwamba,

Nimeanza na jina lako makusudi. Hapa Siakago nimechoka kusikia lile lingine.

Unakumbuka ulipokuwa ukiuza ndengu sokoni? Mteja anakuja, anachota punje, halafu badala ya kukutazama wewe mwenye mali, ananigeukia mimi niliyekubebea gunia tu: "Bubu anauza ngapi?" Na wewe umeshainua vidole mbele ya uso wake! Tena mtu mwenyewe si mlevi, ni mzee wa kanisa, Jumapili anatuombea. Nikimwambia una jina, anacheka. "Si matusi, kijana. Tumezoea tu." Mazoea yana taabu, dada.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wewe uliwapa wote majina kwa mikono yako. Mama alikuwa kiganja shavuni, kwa vile anavyokaa akiwaza. Mimi nilikuwa kidole juu ya nyusi, pale mbuzi aliponipiga pembe. Yule mzee wa kanisa ana jicho moja bovu, lakini hukuligusa. Ulimpa jina kwa kunyoosha tai ambayo hukuvaa, nasi tukavunjika mbavu.

Sasa sikia. Mwaka jana mke wangu alijifungua msichana wa tatu. Desturi yetu unaijua: wawili wa kwanza walipewa majina ya nyanya zao, na wa tatu ni zamu ya dada mkubwa wa baba. Zamu yako. Kina mama walikuja na vibuyu vya uji, wakaimba, nami nikatangaza jina. Tata Marigu, shangazi yetu, akaweka kikombe chini.

"Ruka hilo. Unataka kumpa mtoto jina la bubu, na yeye asiongee?"

"Tata, jina lake halikuwa bubu."

"Wee, usitufundishe kuongea! Kwani nani hakumpenda?"

Hapo damu ilinichemka. Walikupenda, ndiyo. Walikulilia kaburini, tena wakisema "bubu wetu, bubu wetu". Neno hilo likisemwa kwa upole bado linauma, na sasa lilitaka kumnyima mtoto wangu shangazi yake. Nikasema mtoto ni Rwamba. Anayetaka uji anywe, asiyetaka njia ni ile. Tata alienda, na mpaka leo hajarudi. Mama naye, tangu siku hiyo, alikuwa akimwita "mtoto" tu.

Jana Rwamba mdogo, ambaye sasa anatembea, aliponyoka akaelekea kwa beberu. Mama alitoka jikoni mbio.

"Rwamba! Rwamba, rudi!"

Mtoto akageuka. Mama akabaki amesimama pale na mwiko wake, kisha akaweka kiganja shavuni.

Nilifurahi, dada, na nikakasirika pia. Tangu tukiwa wadogo sikuwahi kumsikia akikuita kwa jina. Alikuwa akisema hutasikia, basi ya nini. Kumbe sisi wengine tulikuwa na masikio, na tulihitaji kulisikia.

Pumzika. Hasira yangu haijaisha, lakini leo asubuhi Mama ameliita tena jina lako.

Ndugu yako,
kidole juu ya nyusi