Jina Litakalovuka Bonde

Mafiga,
Morogoro.
14 Julai 2024

Mpendwa Dada Mwaisha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba upepo wa ziwa hapo Kigoma haujakurudishia kikohozi. Mimi sijambo. Kifua kimepona, ila baridi ya mlimani inashuka alfajiri na kukaa uani mpaka jua liwe kali.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unasema "tuko salama" na kukata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Nyumbani nimebaki peke yangu. Binti yangu Shakila amehamishiwa shule ya Ngerengere na anakuja mara mojamoja. Bado napika ugali wa watu wawili. Unaobaki naula asubuhi kwa chai. Gazeti linaendelea kupokea habari zangu, bei ya mahindi Gairo, daraja lililosombwa na maji, lakini wanazitaka fupi kuliko zamani.

Sasa jambo lenyewe. Rehema wa marehemu dada yetu Mwanvita amejifungua mtoto wa kike, salama. Yuko kwetu Kinole, kwenye nyumba ya mama, kwa kuwa mumewe Yunusi yuko kwenye msimu wa miwa na hatarudi mpaka kiwanda kifunge. Mtoto ananyonya vizuri. Ana paji la uso la mama, hilo pana. Jina hana.

Unaikumbuka kanuni ya mama: jina la msichana wa nyumba yetu liishe mdomo ukiwa wazi. Haikuwa kwa ajili ya uzuri. Wanawake walilima ng'ambo ya bonde na waliitwa kutoka uani, na jina lisilo na mkia halivuki. Ndiyo maana kabla ya mtoto kupewa jina, mwanamke mkubwa wa upande wetu husimama uani akaliita, na mtu akasimama ng'ambo, kwa Mama Eufrazia, kuitika. Lisiloitikiwa huachwa. Ndivyo mlivyopita wewe na Mwanvita, na Rehema naye.

Nilipopanda Kinole kumwona, Rehema alitaka Yasmin. Nilimwambia jina ni zuri lakini mwisho wake umefungwa.

"Mjomba, siku hizi watu wana simu," akasema. "Huyu si mbuzi hata aitwe kwa makelele."

"Mama yako aliitwa hivyo."

"Na huyo wa kuita yuko wapi? Mama mkubwa akitaka mwanangu apewe jina la kuvuka bonde, aje amwite mwenyewe."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

Kesho yake nilisimama uani nikaita mwenyewe, ingawa si kazi ya mwanamume. Niliita Yasmin. Kisha nikaita Shakila, kwa kupima tu. Pakawa kimya. Nilikuwa nimefanya kosa la mtu aliyekaa mjini muda mrefu: niliita bila kuuliza kama ng'ambo kuna mtu. Mama Eufrazia alichukuliwa na mwanawe tangu kabla ya masika, na mlango wake umepigiliwa mbao. Nyumba za juu yake nazo zimefungwa. Wenyewe wameteremka mjini. Kwa hiyo siwezi kukwambia jina gani lilivuka. Hapakuwa na wa kulisikia.

Rehema alikuwa mlangoni na mtoto begani, ananitazama.

"Basi nenda wewe ng'ambo, mjomba," akasema. "Mimi niite, tumalize ubishi."

Nikateremka mpaka kijito, nikapanda kwa kupitia kwenye migomba. Ua wa Mama Eufrazia umeota majani mpaka magotini. Nikasimama pale walipokuwa wakisimama watu zamani.

Yasmin lilinifikia nusu. Akalivuta likawa Yasminiii, likafika kama mlio wa mbu. Sikuitika. Nilisikia akicheka, au akinisema vibaya. Kwa mbali havitofautiani.

Nikageuka nianze kuteremka. Nilidhani ameingia ndani.

"Mwaishaaa!"

Lilifika zima, dada. Lilinipita likagonga mwamba ulio nyuma ya nyumba. Sikulitegemea, maana hatukuwa tumelizungumza, na tangu uondoke halijaitwa kwenye bonde lile. Nikajibu kwa nguvu, "Naam!"

"Mwaisha haitiki naam, mjomba!" akapaza sauti. "Itika kama mwanamke!"

Nikaitika, "Abeee!", mzee mzima mwenye mvi, peke yangu kwenye migomba ya watu.

Nikamwona akikaa chini pale uani. Kutoka ng'ambo sura haionekani, kwa hiyo siwezi kusema kama alilia. Niliporudi macho yake yalikuwa makavu na mtoto alikuwa amelala.

Aliniambia hivi: "Mama alipofariki, mama mkubwa ndiye aliyekuwa akiniita nile, akiniita nikaoge, akiniita mvua ikija. Alipokwenda Kigoma hakuna tena aliyeniita. Watu hunipigia tu."

Ndipo nilipoelewa kwamba Yasmin lilikuwa jina la hasira tu. Anataka kumpa mtoto jina lako, uwe somo wake. Lakini hataki idhini kwa simu, wala hataki niliite mimi, kwa kuwa kuita ni haki ya mwanamke mkubwa na aliyebaki ni wewe. Akika imesogezwa mpaka Yunusi arudi. Usipofika, mtoto atakuwa Yasmin. Rehema amesema hivyo, na yeye hatanii.

Treni ya Kigoma inapita hapa. Nitakupokea stesheni, na Kinole tutapanda taratibu. Huna haja ya kuteremka bondeni. Utasimama uani tu. Najua utaona haya kuliita jina lako mwenyewe kwa sauti, mtu mzima, mbele ya majirani. Majirani hawapo, dada. Kuna Rehema na mtoto, na ng'ambo nitakuwepo mimi.

Msalimie sana shemeji, na jirani yako Anastasia, dagaa wake nimewamaliza. Shakila anakuamkia, na Yunusi anawasalimu wote. Mwenyezi Mungu akutunze hapo ulipo, na akishakutunza, akulete.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye,
Yusuph