Simu Mpya ya Tata

Jumatatu, 3 Machi 2025

Betri ya simu ya Tata imevimba mpaka mgongo umefunguka. Fundi wa Keroka kakataa kuigusa — itakulipukia, mama! Tangu kiharusi kimpige, Tata, baba yangu, hasemi. Simu ndiyo mdomo wake. Anabonyeza picha yangu, mimi naongea huku Kiogoro, yeye anagonga kioo kwa ukucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Juzi tulibishana hivyo juu ya kuuza ng'ombe. Akanishinda!

Jumatano, 5 Machi

Anyona, ndugu yangu anayekaa naye Nyacheki, anasema ninunue yoyote, simu ni simu. La! Tata ni mtu wa Tamani tangu zile za vitufe. Kampuni nyingine itampoteza. Nimechukua Tamani, toleo jipya. Purity wa dukani kahamisha kila kitu, picha yangu iko palepale. Nimetoka nikiimba.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimpelekea jana. Akatabasamu kwa ule upande mmoja. Leo kapiga. Umekula? Kimya. Umekasirika? Kimya. Anyona akadakia: lakini anagonga, dada! Anagonga sana!

Mbio kwa Purity. Anasema hizi mpya zinachuja kelele — milango, vyombo, mvua — ibaki sauti ya mtu tu. Nikamwambia huyo anayegonga ndiye mtu wangu! Katafuta kwenye settings, hakuna pa kuzima. Na ile ya zamani Anyona ameshaitupa chooni, kwa hofu. Video? Mtandao wa kule hauwezi.

Jumamosi, 8 Machi

Tata kapiga baada ya kanisa la Sabato. Nimeongea peke yangu. Nikaishiwa maneno, nikaimba. Sijui alikuwa anagonga au analia.

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu asubuhi. Anyona yuko matangani Nyamira. Tata kapiga. Nimemsalimu — kimya. Halafu pumzi! Nzito, ya haraka, inakuja na kukatika. Tata, ni kifua? Umeanguka? Kimya. Nimempigia Anyona kwa simu ya jirani, Nyanchama. Hapokei.

Nyanchama katoka na mwavuli kutafuta boda. Yangu iko mezani, nimeiweka spika. Sithubutu kukata. Naandika huku nikisubiri boda.

Nimemwambia Tata nakuja, anisubiri. Nimemuuliza kama ataweza kunisubiri.

Sijui amejibu ndiyo au hapana.