Mwamba Haukumbatiwi

Jumamosi, 10 Agosti
Sijawahi kumwambia mtu hili. Napanda minazi. Tangu darasa la sita, baba akienda sokoni, napanda mpaka kwenye makuti. Baba ni mgema, na kwetu Magarini mwanamke hapandi mnazi. Bibi husema ukipandwa na mwanamke hukauka. Ule wa pili kutoka jikoni nimeupanda miaka mitano na bado unazaa.

Ndiyo sababu Mwalimu Tsuma wa jiografia alipouliza nani ataweza Mlima Kenya kwa njia ya miamba, niliinua mkono. Mimi, nisiyejibu hata swali ninalolijua. Karisa wa darasani kwetu aliangua kicheko.

Nimefungasha. Soksi sita na kitabu cha maktaba kuhusu barafu. Nitafika kileleni. Sina shaka.

Jumatatu, 12 Agosti
Kambi ya kwanza. Baridi. Karisa amejifunga leso ya mamake chini ya koti, anadhani hatujaona. Anayetuongoza anaitwa Muthoni, kijana wa huku mlimani. Haongei sana. Nampenda. Anatuita watu wa madafu.

Jumanne, 13 Agosti
Mazoezi ya kamba kwenye mwamba mdogo karibu na kambi. Nilianguka mara tatu. Kamba ilinidaka, aibu haikudakwa na mtu. Kila mara niliukumbatia mwamba kwa mikono na magoti, kila mara miguu iliteleza. Karisa alipita mara ya kwanza.

Muthoni aliuliza kutoka chini, "Kadzo, umeolewa na hilo jiwe?" Wote walicheka, hata mwalimu. Kisha akasema bila mzaha: kesho nitajaribu mara moja. Nikianguka, nabaki na mpishi.

Nina hasira. Sijui nakosea wapi.

Jioni. Nimejua. Mnazi ni mwembamba, mikono inauzunguka. Mwamba hauzungukwi. Ukiulalia huoni pa kukanyaga. Nilimfuata Muthoni nikamwambia siri yangu, maana bila hiyo asingenielewa. Hakucheka. Aliuliza kwenye mnazi uzito nauweka wapi. Nikasema miguuni, kwenye vidato baba alivyovichonga kwenye shina.

"Basi uweke huko huko. Mikono ni ya kushikilia tu."

Jumatano, 14 Agosti
Nilipita. Sikuteleza hata mara moja.
Tumelala kambi ya juu. Kichwa kinauma kidogo, nimemwambia mwalimu. Nimekunywa maji mengi.

Alhamisi, 15 Agosti
Tuliondoka alfajiri. Barafu iliyobaki ni ndogo na ya kijivu, si kama kitabuni. Tulifunga meno ya chuma chini ya viatu. Kila hatua ililia kama mtu anayekuna nazi. Nilitaka kucheka. Nikaangalia miguu.

Baada ya barafu, miamba. Mahali palipo wima kabisa, Karisa aliganda. Alilikumbatia jiwe, macho amefumba. Muthoni alikuwa juu, hamwoni. Mimi nilikuwa chini ya Karisa kwenye kamba ile ile. Hakuna mwingine wa kusema.

"Karisa, jitenge nalo. Tazama miguu yako."
"Siwezi, Kadzo."
"Hilo si mkeo. Liache."

Alicheka huku analia. Akasogeza kifua. Akaona pa kukanyaga, akapanda. Nami nikapanda.

Kileleni. Upepo mkali. Mawingu yalikuwa chini yetu. Nilifika, kama nilivyoandika.

Jumapili, 18 Agosti
Nyumbani. Joto. Mama amepika wali wa nazi, nimekula sahani mbili.

Baba aliniuliza mlima ulikuwaje. Nikamwambia ni kama mnazi, ila haukumbatiwi. Akanitazama. Akauliza, "Na wewe mnazi umeujulia wapi?"

Nilivua viatu, nikafunga leso kiunoni juu ya suruali, nikaenda kwenye ule wa pili kutoka jikoni. Nikapanda, baba anatazama. Nikaangusha madafu mawili, nikashuka, nikampa moja.