Shemeji, Wachambuzi Wametuchagua

Shemeji Hamisi,

Dua nakuombea kila siku. Lakini haya ya leo si ya dua, naona haya kumpelekea Mwenyezi Mungu habari za wachambuzi wa runinga. Basi nakuandikia wewe, maana ndiwe uliyeniingiza kwenye mambo haya.

Jumamosi asubuhi wametuchagua. Wote wanne, kwenye ile meza yao ndefu, na suti zao na tai zao, mmoja baada ya mwingine wakasema timu yetu ya chuo itashinda. Timu ile ile ambayo miaka yote wakiifikia huipitia mbio mbio, hulikosea jina la kocha, kisha huhamia kwenye timu za kusini wanazozipenda. Nilibaki na rimoti mkononi. Nikatafuta namba yako kwenye simu. Ipo bado. Nikaitazama, nikaiacha.

Kwa sababu, shemeji, ungefanya nini? Hilo ndilo linalonisumbua. Wewe kazi yako ilikuwa kuwapinga. Wakisema tutashindwa, unasema tutashinda. Sasa wamesema tutashinda. Ungegeuka ukaombea timu yako ifungwe? Nimelizungusha swali hili wiki hii yote, mpaka mteja mmoja pale dukani kwangu Maple Grove akaniuliza kama ninaumwa.

Nani atasadiki kwamba watu wazima wawili kutoka Mombasa, mmoja muuza nyama mtaa wa Crystal hapa Marekani na mwenzake muuza simu, waligombana kila Jumamosi kwa mpira wa Kimarekani unaoshikwa kwa mikono? Uliipenda timu ile kwa sababu tu fleti yako ya kwanza hapa ilielekea uwanja wao. Ulikuwa mpweke, ukisikia kelele dirishani, ukajua kuna watu wanafurahi mahali. Basi ukawa wao. Mpaka yule mzee Mmarekani mwenye kofia ya timu akawa anakuja buchani kwako kulalamikia mechi tu, nyama hata hanunui.

Na mimi nikawatetea wachambuzi. "Wamesoma hawa, shemeji, wanajua." Ulikuwa unawaka! "Mimi nikikosea mizani mara moja, mteja harudi. Wao wakikosea, wiki ijayo wako pale pale, na tai mpya!" Ndipo tukawekeana sharti. Wakipatia, unafunga leso kiunoni na kutuletea chai na mahamri mbele ya wanawake. Wakikosea, nafunga mimi. Leso yenyewe ile kanga nyekundu ya dada yako Mwanaisha. Mke wangu huyo alicheka mpaka akakaa chini, siku ya kwanza nilipoifunga.

Tangu ulipotutoka sikukanyaga kwako Jumamosi. Siku nyingine nimekwenda, nimempelekea Mama Zuhura mchele, nimetengeneza bomba. Jumamosi hapana. Sikujua nikae wapi. Kiti chako sikuthubutu kukikalia, na changu bila wewe hakina maana.

Zuhura ndiye aliyepiga simu, Jumamosi hiyo hiyo. Unamjua binti yako, Kiswahili anakisikia chote na kukujibu kwa Kiingereza. "Uncle, they picked us. All four. You're coming, right?" Sauti yake ilikuwa kama yako ukitaka ugomvi. Nikaenda.

Mama yake alikuwa kazini. Nikakaa ukingoni mwa kochi, na Zuhura akaja akakaa kwenye kiti changu mimi. Wachambuzi wakarudi kutusifu tena. Shemeji, sijui nini kilinipata. Nilisimama. Nikawapigia kelele kwa maneno yako, ya mizani na tai mpya, yote. Na yule mtoto akanitazama, akakunja mikono, akasema, "They went to school for this, Uncle. They know." Maneno yangu hayo! Nikatamani kucheka.

Basi tukatazama. Tukiongoza, naruka, kisha nakumbuka kwamba wao wanapatia, nanuna. Tukirudishwa nyuma, naumia, kisha ndani yangu kitu kinafurahi, nami nakionea aibu. Mpaka mwisho sikujua ninaomba nini. Tukafungwa, shemeji. Dakika za mwisho kabisa, kwa ule uzembe wetu unaoujua. Wachambuzi wote wanne wamekosea, nawe umepatia. Nikasimama pale katikati ya sebule nisijue nipige makofi au nilie.

Zuhura akainuka. Akarudi ameifunga leso nyekundu kiunoni. Kumbe miezi yote hii ilikuwa kwenu, nyuma ya mlango wa jikoni, pale ulipoitundika mara ya mwisho. Akaenda kupika chai. Nami nikakaa, kwenye kiti chako, bila kukusudia.

Sasa nikuambie jambo. Mimi sikuwaamini wale watu hata siku moja. Niliwatetea kwa sababu ungegombana na nani? Na nadhani ulijua.

Ila kuna siku moja nilimwamini mtabiri. Siku ile hospitali, daktari aliposema moyo wako unaendelea vizuri, Ijumaa utarudi nyumbani. Ulinigeukia, unangoja. Nikasema kama kawaida yangu, "Amesoma huyu, shemeji, anajua." Nilidhani utabisha. Ukatabasamu, ukaniambia, "Leo niko upande wako." Ukaagiza chai ya Ijumaa, iliki nyingi.

Alhamisi ukaondoka.

Sina lawama kwa daktari. Alilia pamoja nasi. Ninachoshindwa kuelewa ni wewe, uliyebishana na kila mtabiri wa nchi hii, kwa nini ulimkubali huyo mmoja? Ulimwamini kweli? Au uliniona nimeogopa, ukanionea huruma? Nalizungusha hilo pia, na jibu silipati. Tulipokuzika kule ng'ambo ya mto, njia ya kwenda Apple Valley, theluji ilikuwa imegandamana, na mimi nilikuwa nikiwaza sharti. Tulikuwa upande mmoja, tukakosea wote wawili. Nani afunge leso?

Nimeamua ni mimi. Nimemwambia Zuhura kwamba Jumamosi zote za msimu huu nitakuja, na kiti chako nitakikalia, na nitawapinga hawa wachambuzi hata wakisema jua litachomoza. Yeye atawatetea. Hilo nakuahidi, na nikichoka Mwanaisha atanisukuma.

Lakini kabla ya hiyo, Ijumaa hii nikitoka msikitini nitapitia kwenu. Nitaifunga leso mbele ya mkeo, mwanao na dada yako, na wacheke wapendavyo. Nitapika ile chai uliyoagiza.

Pumzika, shemeji. Iliki nitatia nyingi.

Shemejiyo,
Athumani