Picha ya Wekoye

Jumanne, 10 Machi 2009

Bumula. Leo nimemhoji mshiriki nambari 23 wa utafiti. Kwenye dodoso hana jina, ila humu nitamwita Mama Edah. Nambari haimpikii mgeni uji, na yeye alinipikia.

Mumewe, Wekoye, alichukuliwa na watu wenye silaha shambani kwao mlimani mwaka jana wakati wa vita. Asubuhi, ndoo ya maziwa ikiwa mkononi. Tangu hapo hakuna habari, hakuna maiti. Mama Edah na binti yake Edah wanakaa kwa Khisa, kaka mkubwa wa Wekoye.

Saa mbili nzima kwenye rekoda. Tulikwama swali la 14 tu: Unaamini mume wako atarudi? Ndiyo. Hapana. Sijui. Aliiangalia karatasi, akaniangalia mimi.

"Ya nne haiko?"

Ya nne ni ipi, Mama Edah?

Akacheka. "Endelea tu, Faldosa." (Mimi ni Fardosa, ila hapa jina langu lina l. Naanza kulipenda.)

Halafu, bila kuulizwa, akasema. Siku ya Krismasi simu yake iliita. Hakuna aliyeongea. Kikohozi tu, mara mbili, ikakatika. Anakijua kile kikohozi, amelala kando yake miaka kumi na sita. Hajamwambia mtu. Waliomchukua Wekoye bado wana masikio huku. Wakijua yuko hai watamtafuta tena.

"Si umesema hakuna mtu atasikia?"

Nikasema hakuna. Nilisema upesi mno.

Nimeazima picha ya Wekoye, ndogo, ya kitambulisho. Ndiyo pekee aliyo nayo. Kona moja imeliwa na mende. Nimemwambia nitamtolea nakala kabla haijaisha.

Jumatano, 11 Machi

Kitale. Siku nzima masikioni nina sauti yake, naandika neno kwa neno. Kuku, mtoto akilia, Mama Edah akipumua.

Baba aliondoka na lori la mahindi mwaka 1996, nikiwa na miaka kumi na tatu. Hakurudi. Hooyo, mama yangu, hajawahi kusema amekufa. Wala hajasema yuko hai. Kikoi cha Baba bado kiko nyuma ya mlango, kinafuliwa kila Idi.

Ndiyo maana ninamwelewa Mama Edah. Dkt. Kagwe, msimamizi wangu, atasema hilo ni neno la hatari kwa mtafiti. Lakini ninamwelewa!

Ijumaa, 13 Machi

Studio ya Naim, nyuma ya msikiti. Ameikuza picha mpaka ukubwa wa sinia. Amefuta alama ya mende. Wekoye ana macho ya mtu aliyeambiwa asicheke.

Naim aliuliza fremu ya rangi gani. Dhahabu? Nikasema hapana, ni ya kelele.

"Basi nyeusi. Wengi wanachukuanga hiyo."

Nyeusi ina heshima. Nikachukua.

Kipengele cha sita cha masharti yetu: mtafiti hampi mshiriki zawadi ya aina yoyote. Nilikitia sahihi mwenyewe. Lakini hii ni zawadi kweli? Uso ni wake. Ninamrudishia tu.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeipeleka. Gazeti nililofungia lilichanika pale stendi, nikaikumbatia kifuani, uso wa Wekoye ukitazama mbele, nikatembea hivyo mpaka kwao. Watu wa Bumula wana adabu. Mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli akavua kofia. Akina mama wanaouza samaki wa omena walinyamaza hadi nikapita.

Mama Edah aliniona tangu langoni. Sufuria ilimwanguka.

"Mmempata wapi?"

Nikacheka. Nikasema, kwa Naim, studio ya Kitale!

Hakucheka. Aliipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo ndani, akaiegemeza ikitazama ukuta. Chai sikupewa. Nilirudi nikiamini furaha imemzidi. Nimeandika hata kwenye daftari la utafiti: mshiriki ameguswa sana.

Alhamisi, 19 Machi

Edah amenipigia, kwa simu ya jamii, ile ya kulipia kwa dakika. Yuko kidato cha pili, anaongea kama anayesoma mbele ya darasa.

"Auntie, huku kwetu picha ikikuzwa hivyo, ikiwekwa fremu nyeusi, hiyo ni ya kutembea mbele ya jeneza. Na wewe uliibeba kwa kifua. Kutoka stendi. Watu wote wameona."

Nikamuuliza watu wanasemaje.

"Uncle Khisa anasema chuo kikuu kimepata habari ya Baba, kikakutuma. Jumamosi wanamzika."

Wanamzika nani? Hakuna mwili!

"Shina la mgomba, auntie. Mtu akikosekana, hilo ndilo linazikwa."

Nikauliza, na Mama anasema nini? Mama hasemi kitu. Anachambua maharagwe tangu Jumatatu. Jambo moja tu amesema: mtu mwenye amezikwa, akirudi, atarudi kwa nyumba gani?

Dakika zikaisha.

Baadaye

Sisi Waislamu tunazika siku hiyo hiyo. Sanda nyeupe, hakuna picha, hakuna fremu. Lakini hicho si kisingizio. Nimeishi Kitale miaka ishirini na sita yote. Magari mangapi ya mazishi yamenipita, picha ikiwa mbele? Kila mara niligeuza uso. Nikadhani hiyo ndiyo heshima.

Baada ya maziko Khisa atapata barua ya chifu kwamba Wekoye amekufa. Kwa barua hiyo ataweza kuuza shamba la mlimani, lile ambalo Mama Edah anapanga kurudi kulima mvua ikianza. Mume hana, shamba hana. Kwa sababu ya fremu!

Na ninalijua jambo moja ambalo lingewazuia. Kikohozi. Habari yake iko kwenye kanda, kwenye droo, chini ya ufunguo wangu.

Nimemwambia Hooyo. Si ya kanda, ya picha tu. Alikuwa anakunja nguo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Unaenda mpaka Bumula kumuuliza mwanamke kama anamngoja mumewe."

Ndiyo, Hooyo.

"Miaka kumi na tatu niko hapa. Mimi hujaniuliza."

Akaendelea kukunja. Wiki iliyopita niliandika humu kwamba ninaelewa. Nilikuwa naelewa kikoi tu, kile kilicho nyuma ya mlango wetu, tena kwa macho ya mtoto.

Ijumaa, 20 Machi

Nimempigia Dkt. Kagwe, nikakiri yote. Siri ya kanda sikuitaja, nilisema tu ipo. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisema kipengele cha sita hakikuandikwa na watu wabahili. Kiliandikwa na watu waliokwisha kumuumiza mtu.

Akaniagiza nimtoe nambari 23 kwenye data, niandike ripoti kwa kamati ya maadili. Nikauliza, na maziko? Akasema niende kama mgeni, niseme kosa ni langu. Lakini lililo kwenye kanda ni lake. Si langu, si la Dkt. Kagwe, si la kuokolea mtu bila ruhusa ya mwenyewe.

Nikasema, hata kama ni la kumwokoa yeye mwenyewe?

"Fardosa, unataka kumwokoa yeye, ama unataka kujiokoa wewe?"

Nimeandika karatasi mbili. Moja ya kusema ukweli wa picha. Ya pili ya kusema kila kitu. Nimeichana ya pili. Nikaokota vipande. Nikavitupa chooni.

Jumamosi, 21 Machi

Bumula, saa tano. Naandika nyuma ya jiko, nimekalia gunia la mahindi. Turubai limefungwa. Shimo limeshachimbwa, dogo, linatia aibu. Shina la mgomba limelala kwenye shuka. Juu ya kiti cha plastiki yuko Wekoye, fremu yangu, kitambaa cheupe.

Nilimwendea Khisa mara tu nilipofika. Nikamwambia sina habari yoyote kutoka chuo, nilikosea, fremu ni ujinga wangu.

"Ati ujinga! Msichana wa digrii mbili? Si useme tu mmekatazwa, bana."

Nikarudia. Akanishika mkono, akanivuta pembeni, na pale nikaona macho yake yamevimba.

"Mimi ndio nilimwambia anunue huko mlimani. Mimi. Mwaka mzima nikisikia mbwa, naamka. Wacha nimzike ndugu yangu nirare."

Nilikuwa nimekuja na Khisa mwingine kichwani, mwenye uchu wa shamba tu. Huyu hakuwa kwenye dodoso lolote.

Nikamtafuta Mama Edah. Alikuwa kwenye chungu cha maharagwe, mwiko mkononi. Nikamwomba msamaha. Akauliza kama nimeleta kanda.

Iko mkobani. Hakuna aliyeisikia ila mimi.

"Ikae hapo." Akakoroga. "Na ile karatasi yako ya maswali?"

Ninayo.

"Huku mimi sina maneno. Bibi ya mtu mwenye amepotea hasimami mbele ya wazee. Rakini mgeni akiuliza swali, lazima ajibiwe na mwenye ameulizwa. Hata Khisa hawezi kataa. Wewe ni mgeni?"

Mimi ni mgeni.

"Basi niulize lile. La kumi na nne, kama atarudi. Mbele yao, kwa sauti."

Nikamwambia lina majibu matatu tu, na lile alilolitaka halimo. Nikamwambia waliomchukua wana masikio hapa. Nikamwambia si lazima, anaweza kukataa wakati wowote. Maneno yale yale ya fomu, na mara ya kwanza nikayasikia mimi mwenyewe.

"Ndio nakwambia uniulize. Sikwambii unijibie."

Sijui atajibu nini. Naogopa ndiyo. Naogopa hapana zaidi.

Edah amekuja kuniita. Wazee wameketi, Khisa ameinuka kufungua kikao. Mama yake tayari amesimama kando ya kile kiti, na mwiko hajauweka chini. Ameigeuza picha, inamtazama yeye.

Ukurasa wa tatu. Naandika hili pembeni mwa dodoso, nimesimama mbele yao. Wote wameniangalia —