Protini Isiyoliwa

Jumamosi, 3 Desemba 2005

Barua ya daktari wa Dar imefika. Kipande cha msuli wa Azan kilipelekwa Ulaya kupimwa—mwaka mzima! Kurasa mbili za Kiingereza kigumu. Nimeshika neno moja: protini. Protini ya mwanangu ina kasoro. Na mimi ndiye ninayewaandikia darasa la nne ubaoni: protini hujenga mwili, samaki, mayai, maharage. Aibu gani hii. Miaka minne sasa hajaweza kusimama; namlisha nini?

Jumapili, 4 Desemba

Mume wangu Mfaume kamwambia mama yake, Bi Mwamvua. Jumanne anakuja kutoka kisiwani Maparoni kumchukua mjukuu. Eti huko kamba tele, mtoto atashiba, atasimama. Mfaume kakubali! Azan hupaliwa hata na uji. Naogopa.

Jumatatu, 5 Desemba

Nimempigia daktari. Si ya kula hiyo, mwalimu, akasema. Mwili huitengeneza wenyewe, kwa urithi wa wazazi. Kila seli ina utando. Utando hupinda, hutuna kama kifuko, na protini hii hujizungusha shingoni mwa kifuko na kubana mpaka kikatike. Ya Azan imekosewa tangu tumboni. Chakula hakiirekebishi. Dawa hakuna. Akilishwa kwa nguvu, tutampoteza.

Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Jumanne, 6 Desemba

Bibi kafika na kikapu cha kamba wakavu. Mnamshindisha mtoto na njaa kwa usomi wenu, kasema. Nilikuwa nakata madonge ya maandazi. Nikauzungushia unga kidole gumba na cha shahada, nikabana, donge likakatika. Mama, nikamwambia, vidole hivi ndivyo vibovu kwa Azan. Tukiongeza unga vitapona?

Akakata donge moja mwenyewe, taratibu. Machozi yakamtoka. Basi abaki kwako, mwanangu, kasema. Kisha: na ubovu huo kautoa wapi? Barua yasemaje?

Nimekimbilia chumbani kuisoma tena. Ukurasa wa pili daktari anauliza: upande wa baba kuna wenye kope zinazolegea, dalili ya ubovu huu? Macho ya usingizi! Ndiyo sifa ya ukoo wao. Bibi aliimbiwa harusini kwa macho hayo. Mfaume nilimpendea hayo hayo.

Ananiita. Mama Azan, lete barua unisomee! Mara ya pili sasa. Huku anambembeleza mtoto, namsikia, anacheka kidogo: macho haya, baba, umechukua kwangu—

Mlango umefunguliwa.